Satelaiti inaona mgongo wa wingu, mvua inatoka tumboni

Jamani nimepotea, najua. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya Krismasi na kuna watu wamenitumia meseji wakiuliza kama kile kikundi chetu cha satelaiti kimekufa. Hakijafa. Tumeaibika tu, na aibu yenyewe ndo naisimulia leo maana imeshafika mpaka kwa madereva bajaji wa Kabwe, bora niiseme mwenyewe kuliko kusimuliwa nikiwa siti ya nyuma.

Iko hivi. Mwezi wa pili mama mmoja jirani yetu, anauza vitenge Mwanjelwa, alikuwa na sendofu ya binti yake. Ukumbi alikataa, akasema hela ya ukumbi bora amnunulie mtoto friji, kwa hiyo ikafungwa tenti moja ya meza kuu na wazee, wageni wengine wote viti vya plastiki hapo uani, juu yao mbingu. Mwezi wa pili. Mbeya. Wenyeji nadhani mmeshaanza kucheka.

Alhamisi jioni akaja kupiga hodi. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Hivi wanangu, hilo dishi lenu linaweza kuniambia Jumamosi itakuwaje?" Dishi hatuna, tuna fito mbili za alumini juu ya bomba la maji, ila mtaani tumeshaitwa vijana wa dishi na siku hizi hatubishi. Jibu sahihi lilikuwa moja tu, mama sikiliza TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, utabiri na tahadhari ni kazi yao kisheria, sisi ni wapiga picha. Sasa tuna dogo mmoja anasoma mambo ya umeme, ana mzuka huyo, hata sijafungua mdomo ameshamwambia "mama usijali kabisa, Jumamosi asubuhi tutakupa picha ya kutoka juu". Mama akaondoka ameridhika kama mtu aliyetoka kwa mganga.

Jumamosi asubuhi satelaiti ikapita na tukaipata vizuri kuliko siku zote tangu mwaka uanze, yaani picha haina hata mchirizi mmoja. Rukwa inaonekana, Nyasa inaonekana ilivyolala ndefu, mawingu makubwa meupe pee yako mbali huko, mengine upande wa Katavi, mengine yameshuka Msumbiji. Juu ya Mbeya je? Kijivu. Kijivu hafifu tu kama vumbi kwenye kioo cha kabati. Tukatoka wote watatu tumejaa kifua, tukamwambia mama leo kavu, panga viti.

Saa nane mchana wingu likakaa juu ya mlima wetu wa Loleza kama kofia. Saa tisa Loleza yenyewe haionekani. Saa tisa na nusu ikaanza, na haikuwa ile ya radi na upepo inayopiga dakika ishirini halafu jua linatoka, hapana, ni ile ya kimya kimya, laini, haina haraka, kama mgeni aliyekuja na begi kubwa. Mpaka saa mbili usiku. Watu wamekula pilau lenye mchuzi ambao mpishi hakuupika. MC kashika maiki mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia mfuko wa rambo kichwani. Keki ikakimbizwa chumbani kwa bibi ikakatiwa huko huko, na mzee mmoja wa upande wa waoaji akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hawa vijana wameambiwa wafunge mvua, wao wakafungulia."

Tulikuwa tumesimama kwenye kibaraza na sahani zetu. Dogo hakula nyama yake.

Basi kwa mliokuja juzi niwaambie sisi ni nani. Ni watu saba hivi, wanaongezeka na kupungua kulingana na hela ya bando, tunakutana chumba cha uani kwa fundi redio mmoja huku Ilomba. Ofisi hatuna, mfadhili hatuna. Tulianza 2023 na kidude cha USB kinaitwa RTL-SDR ambacho asili yake kilitengenezwa watu waangalie tivii kwenye kompyuta, halafu wajanja wakagundua kwamba kinaweza kusikiliza karibu masafa yoyote. Unakichomeka kwenye laptopu, unakiunganishia antena, na kuna satelaiti za hali ya hewa zinazopita juu ya kichwa chako zikitangaza picha zao bure kabisa kwa yeyote mwenye sikio, megahezi 137 na ushee, hakuna nywila, hakuna kulipia.

Antena yenyewe usiogope. Fito mbili, kila moja sentimita 53 na kidogo, zinatanuliwa kama herufi V yenye pembe ya digrii 120, zinalazwa sambamba na ardhi zikielekea kaskazini na kusini kwa sababu satelaiti hizi zinapita juu ya ncha za dunia, zinatoka kusini kwenda kaskazini au kinyume chake. Katikati unafunga ile konekta nyeupe ya plastiki ya mafundi umeme, ya skrubu, ncha moja ya waya wa koaksi huku nyingine kule, kwisha. Zetu tulizitoa kwenye antena ya zamani ya tivii ambayo njiwa walikuwa wameshaifanya kijiwe. Fundi alizipiga msasa mpaka zikang'aa halafu akazipima mara tatu kwa rula ya mwanae wa darasa la nne.

Zamani tulikuwa tunapokea zile za Wamarekani, NOAA 15, 18 na 19. Ukisikia sauti yake huwezi kusahau, inagonga tiki taka tiki taka, mistari miwili ya picha kila sekunde, na laptopu inachora mstari mmoja mmoja kuanzia juu huku wewe umekodoa macho. Inakaa angani robo saa kama imepita juu yako kabisa, halafu inazama. Na kwa kuwa inakimbia sana masafa yake yanateleza, ikija yanakuwa juu kidogo ikiondoka yanashuka, kama honi ya lori linaloshuka Iwambi likikupita. Picha yetu ya kwanza ilitoka kichwa chini miguu juu kwa sababu satelaiti ilikuwa inatokea kusini na sisi hatukujua kwamba inabidi kuigeuza, tukabishana nusu saa nzima kama lile ziwa jeusi ni Tanganyika au Nyasa, mpaka mama yake fundi akaja na chai akaangalia akasema "mbona mmelilaza ziwa letu vibaya". Ni wa Kyela huyo mama.

NOAA 19 nilikuwa naipenda kwa sababu ya historia yake. Septemba 2003, ikiwa bado kiwandani California, mafundi waliigeuza kwenye meza yake ya magurudumu bila kuangalia kwamba boliti 24 za kuishikilia zilikuwa zimeshafunguliwa na watu wengine, ikadondoka sakafuni puu! Chombo cha mamilioni ya dola. Wakaikusanya, wakaitengeneza, Februari 2009 ikaruka, na ikatupigia picha mpaka juzi hapa. Fundi wetu kila akiunguza kitu anatukumbusha hiyo stori.

Mpaka juzi, nasema, kwa sababu mwaka 2025 zote tatu zimezimwa. Ya 18 iliondoka mwezi wa sita, ya 19 na ya 15 zikafuatana mwezi wa nane. Ya 15 ilikuwa angani tangu 1998, kuna mwenzetu amezaliwa nyuma yake. Tulijua zimezeeka na tulijua siku inakuja, lakini kujua ni kitu kingine na kukaa na hedifoni saa ya kupita imefika halafu unasikia shhhhh tu ni kitu kingine. Wiki mbili hatukukutana. Wawili wakaacha kabisa, mmoja kaingia kwenye biashara ya parachichi Rungwe na anafanya vizuri kuliko sisi wote, basi.

Zilizobaki kwenye masafa hayo kwetu ni za Warusi, Meteor M2-3 iliyorushwa Juni 2023 na M2-4 ya Februari 2024. Hizi ni za kidijitali, picha ni kali zaidi, nukta moja ni kama kilomita moja wakati zile za mwanzo nukta moja ilikuwa kilomita nne, yaani kwa NOAA jiji zima la Mbeya lilikuwa vinukta vichache tu, kwa Meteor unaanza kuona umbo la bonde. Tunatumia programu inaitwa SatDump, ya bure. Shida ya dijitali haina huruma. NOAA ikiwa na kelele ulikuwa unapata picha yenye chenga lakini unapata, Meteor ikizidiwa na kelele inakunyima kabisa, unaambulia mabaka meusi kama chandarua kilichotobolewa na panya.

Na kelele tulikuwa nayo, kila siku jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Tulibadilisha waya, tukahamisha bomba, tukafikiri ni simu, tukafikiri ni sabufa la baa. Fundi mwishowe akachukua redio ndogo ya mkononi akaanza kutembea nayo mtaani usiku ameinamisha kichwa, watu wanamwangalia tu, ikampeleka mpaka kwenye banda la kuku la mzee mmoja nyumba ya nne. Taa. Balbu moja ya LED ya bei ya kutupa iliyokuwa inawashwa giza likiingia, ndani yake kuna kisakiti kinachokoroma kwenye masafa yale yale. Tukampigia magoti mzee, tukamnunulia balbu nyingine nzuri, akaipokea akauliza, "Hiyo ya zamani ina majini?" Tukamwambia ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo mnaelewa, mwezi wa pili tulipopata ile picha safi ya Jumamosi tulikuwa na furaha ya watu waliotoka mbali. Ndo maana tuliiamini kupita kiasi.

Sasa turudi kwenye kosa. Picha tuliyoitegemea ni ile ya infraredi, yaani haipigi mwanga, inapima joto linalotoka kwenye kila kitu kilicho chini yake, na kawaida kitu cha baridi sana kinachorwa cheupe, cha joto kinachorwa cheusi. Aliyewahi kupanda gari kutoka Kyela kuja Tukuyu anajua habari hii bila kufundishwa, Kyela unajipepea na gazeti, ukifika Tukuyu unatafuta sweta, kila unavyopanda baridi linaongezeka. Wingu nalo hivyo hivyo. Lile la radi linalopanda mpaka kilomita 15 juu lina kichwa cha nyuzi 60 au 70 chini ya sifuri, satelaiti inaliona jeupe kama karatasi. Lakini wingu fupi, lile linaloletwa na upepo wenye unyevu likaegemea mlima, kichwa chake hakijafika mbali, joto lake halitofautiani sana na ardhi yetu ambayo yenyewe iko mita 1,700 na ni ya baridi tayari. Kwenye picha linakuwa kijivu. Kijivu kwenye kijivu. Na lile fupi ndo linalotunyeshea haya manyunyu yasiyo na mwisho, linakamuliwa na mlima kama nguo.

Kinyume chake pia kipo na kimeshatudanganya mara nyingi tu. Wingu la radi likimaliza kazi yake linakufa, ila lile tandiko la barafu la juu linabaki likisafiri na upepo masaa kadhaa, jeupe, pana, la kutisha, chini yake hakuna hata tone. Sisi tunaliita wingu marehemu. Dogo mwaka juzi aliwahi kumwambia mtu wa Chunya aanue mahindi kwa sababu ya wingu marehemu, mahindi yakaanuliwa, jua likawaka siku nzima.

Yaani satelaiti inaona mgongo wa wingu. Mvua inatoka tumboni. Na sisi tulikuwa tunamsoma mtu mgongo tukadhani tumemjua alichokula.

Baada ya sendofu nilikaa nasoma, kwa hasira kidogo, nikitaka kujua hivi wakubwa wenye hii kazi wao wanafanyaje. Nikakutana tena na Verner Suomi, yule profesa wa Wisconsin kule Marekani ambaye wenzie wanamwita baba wa elimu ya hali ya hewa ya satelaiti, 1959 kifaa chake cha kupima joto linaloingia na kutoka duniani kilirushwa kwenye Explorer 7, 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sayansi ya anga pale Madison ambacho mpaka leo ni moja ya sehemu kubwa duniani za kuchambua picha za satelaiti, 1966 kamera yake ikapanda na ATS-1 ikakaa juu kilomita karibu 36,000 ikizunguka sawasawa na dunia, ndo kwa mara ya kwanza watu wakaweza kuangalia mawingu yakitembea badala ya kupata picha moja moja. Sasa kitu kilichonisimamisha ni kwamba utafiti wake wa udaktari, 1953, haukuwa wa anga wala roketi. Ulikuwa wa shamba la mahindi. Alipima joto linaingiaje na linatokaje kwenye shamba la mahindi. Mahindi! Nilicheka peke yangu usiku, nikawasomea kwenye grupu, fundi akajibu "kumbe hata sisi tuko kazini". Kuna satelaiti imepewa jina lake, Suomi NPP, iko juu tangu Oktoba 2011, hiyo ndo moja ya zile zinazoonyesha moto wa misitu, kiangazi mnapoona ramani ya Tanzania ina vidoti vyekundu kama surua ndo mambo yake.

Halafu kuna wale wa Chuo Kikuu cha Reading Uingereza, kikundi kinaitwa TAMSAT, kazi yao kukadiria mvua ya Afrika kwa kutumia satelaiti, wana data tangu 1983. Unajua wanafanyaje? Wanahesabu wingu limekaa masaa mangapi likiwa na kichwa cha baridi kuliko kiwango fulani, basi, hiyo ndo hesabu ya msingi. Ila hicho kiwango hawakukitoa kichwani. Wamekipata kwa kulinganisha na vipimamvua, vile vikopo vya chuma vilivyochomekwa ardhini kwenye vituo, shuleni, misheni, kwenye mashamba ya chai, ambavyo kuna mtu kila siku saa tatu asubuhi anakwenda kuangalia na kuandika kwenye daftari. Na wanasema wazi njia yao inafaa kwa mvua za mawingu marefu, huku kwenye milima yenye mvua za mawingu mafupi inapunja. Yaani watu wa Reading wangemwambia mama wa sendofu asubiri kwanza.

Hapo ndo kichwa kikawaka. Miaka mitatu tunaangalia juu na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kikopo chini.

Kipimamvua cha dukani ni hela na kwetu Mbeya hukikuti dukani kirahisi, tukafanya vya chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unakata pale inapoanza kubana shingo, ile shingo unaigeuza unaichomeka kama faneli ili maji yasiruke wala kukauka haraka. Shida ni kitako, kina vibonde, ukipimia hapo unajidanganya, kwa hiyo tulimwaga sementi kidogo chini mpaka ikalala sawa, ikikauka hapo ndo sifuri, unabandika rula ya karatasi na selotepu. Sehemu ya katikati ya chupa lazima iwe imenyooka, zile zenye kiuno hazifai, tulizunguka mtaani tukiokota chupa na kuzikataa kama mabibi harusi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, hiyo mtu yeyote mwenye bati na pipa anaielewa ukimwambia.

Tuligawa kumi na mbili. Iyunga, Uyole, Igawilo, Nzovwe, Isyesye, moja Mbalizi kwa shemeji yangu, moja ikapanda mpaka Isongole, njia ya Tukuyu, na dereva wa daladala, moja ikashuka Mbarali, kule bonde la Usangu, kwa mjomba wake dogo ambaye analima mpunga. Kila mtu asome saa tatu asubuhi, atume kwenye grupu, amwage. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Mmoja hakumwaga siku tatu akatutumia gharika. Mmoja aliiweka chini ya mwembe. Ya Igawilo ilikuwa inasoma sifuri kila siku wakati majirani wanalalamika matope, tukaenda, kumbe mbuzi, anaamka mapema kuliko mwenye nyumba anakunywa kipimo chote. Sasa iko juu ya nguzo.

Lakini zilipotulia, wee! Kuna Jumanne moja ya mwezi wa tatu asubuhi namba zinaingia kwenye simu mimi niko nazichora juu ya picha ya Meteor ya jana yake. Wingu lilikuwa moja, kubwa, jeupe, limefunika kuanzia Mbalizi mpaka Uyole, ungesema wote wamelowa sawa. Iyunga chupa kavu. Nzovwe matone. Uyole imepita alama ya juu ya rula na mwenye chupa anauliza aandike nini. Na Isongole, ambako kwenye picha kulikuwa na kale kakijivu ketu ka aibu, hakuna weupe wowote, chupa ilikuwa na maji mengi kuliko Iyunga na Nzovwe pamoja. Kale kakijivu. Nikamtumia dogo duara jekundu limezungushwa pale, hakujibu kwa maneno, alituma picha ya keki.

Tukuyu kwa mwaka inapita milimita 2,000 na kule Usangu hata 1,000 haifiki, si mbali kihivyo, mlima tu umekaa katikati. Hiyo tulifundishwa shule ya msingi, tukajaza kwenye mtihani, tukapata vema. Mimi nilikuja kuielewa nikiwa na chupa ya mjomba wa Mbarali inasema sifuri siku ya sita mfululizo na dereva wa Isongole anatuma voisi amekereka kwamba amechoka kumwaga.

Kuna mambo mengine madogo tumefanya, niyapitie haraka. Tumeanza kuangalia na picha za Meteosat za EUMETSAT, shirika la Wazungu wa Ulaya la satelaiti za hali ya hewa, ile mpya iliyorushwa Desemba 2022 inapiga dunia upande wetu kila dakika 10 na ina jicho la kuona radi, unaziangalia kwenye simu bure. Nzuri sana, siwezi kudanganya, nzuri kuliko zetu mara mia. Ila hiyo ni kuletewa chakula na sahani, ile ya fito mbili tumeivua wenyewe. Mwenzetu mmoja anahangaika na ukungu wa Songwe, ule unaofanya ndege izunguke juu halafu irudi Dar na abiria wake, usiku kuna namna ya kutoa picha ya infraredi moja kwenye nyingine ukungu ukajitokeza, amefika pazuri lakini ana wivu haruhusu niandike. Na baridi la mwezi wa sita na wa saba likija tunataka kupeleka vipimajoto viwili Kitulo tuone usiku wa jalidi, umande ukiganda, picha inasemaje na majani yanasemaje. Nauli bado.

Haya, mama wa vitenge. Nilikuwa namkwepa, nasema ukweli. Nilikuwa napita njia ya nyuma, ya kwenye mfereji. Siku ya siku tukakutana uso kwa uso dukani, nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza, akaniangalia, halafu akasema, "Mwanangu, nasikia mnagawa chupa na mimi sijapewa." Nikaanza kuomba msamaha wa ile siku, namweleza habari ya mawingu mafupi na mgongo na tumbo, akanikatiza, "Mimi nimezaliwa hapa Mbeya, wingu likivaa Loleza saa nane unatoa nguo kambani, mngeniuliza ningewaambia." Nikabaki nimeshika mkate.

Chupa yake ni namba kumi na tatu, iko juu ya ukuta wa uani, pale pale tenti ilipokuwa. Anasoma vizuri kuliko wote, hakosi siku, na kwa kuwa kuandika kwenye simu kunamchosha anatuma voisi. Leo imeingia saa tatu na dakika mbili, nyuma kuna jogoo na mtu anafagia. "Wanangu habari za asubuhi, chupa ina saba na nusu, Loleza imevaa tangu jana jioni, hilo dishi lenu sijui linasemaje."

Linasema kijivu.